Kuambatana: ni jambo la watu wawili tu? Kupima fundisho moja la saikolojia juu ya mapendo

Kila mwaka, tunapofika kwenye sura ya mtoto mchanga na mama yake, darasa langu linanyamaza. Ninafundisha saikolojia katika mwaka wa nne wa humanite, sekio ya pedagojia, ule mwaka ambao wengi wetu tungali tunauita wa sita. Vijana hawa kesho watakuwa walimu wa shule za msingi, na wengine watakuwa wazazi hata mbele ya kuwa walimu. Siku moja, nilipomaliza kuandika ubaoni, msichana mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha kidole: «Madame, mimi mama alikufaka nikiwa mdogo, koko njo alinilea. Sasa nikiolewa, bwana atateseka na mimi?»

Nilimjibu haraka-haraka kwamba apana. Lakini jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe, maana ubaoni nilikuwa nimeandika kinyume chake: kwamba mtoto aliyekosa mama mapema anabaki na kidonda, na kidonda hicho kinarudi katika mapendo yake ya utu uzima. Niliona kwamba nilikuwa ninafundisha kitu nisichokipima. Nimeandika kurasa hizi ili nikipime, na kwa kuwa kitabu chetu kinahusu desturi, nitaliweka fundisho hili kando ya desturi zetu za hapa Kisangani tuone linasimama namna gani.

1. Fundisho lenyewe

Linaitwa fundisho la kuambatana. Neno hili si geni kwetu. Tunalisikia kanisani kila ndoa inapobarikiwa. Aliyelianzisha ni munganga wa Uingereza, John Bowlby (1907-1990). Mwaka 1951 aliandika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto waliobaki bila makao nyuma ya Vita ya Pili ya Dunia. Baadaye, tangu 1969, alitoa vitabu vitatu vikubwa juu ya kuambatana. Kwa kifupi anasema hivi: mtoto anazaliwa na haja ya kushikamana na mtu, kama vile anavyozaliwa na haja ya kunyonya. Anapoogopa, anamkimbilia mtu huyo. Anapotulia, anamwacha na kwenda kucheza mbali kidogo. Kwa Bowlby, mtu huyo wa kwanza ni mmoja, na kwa kawaida ni mama.

Mapendo ya watu wazima yaliingia baadaye. Mwezi wa saba 1985, wachunguzi wawili wa chuo kikuu cha Denver, Marekani, Cindy Hazan na Phillip Shaver, waliweka maulizo katika gazeti la mji ule, Rocky Mountain News. Msomaji alipewa maelezo mafupi matatu, achague linalomfanana. La kwanza ni la mtu anayekaribiana na wengine bila shida, anayetegemea na kutegemewa. La pili ni la mtu anayejitenga: mwenziwe akikaribia sana, anasikia kama anabanwa. La tatu ni la mtu mwenye wasiwasi: daima anaona hapendwi vya kutosha na anaogopa kuachwa. Walichunguza majibu 620. Asilimia 56 walichagua la kwanza, 25 la pili, 19 la tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987, na tangu pale maneno haya yameenea dunia nzima. Leo hata vijana wetu wanayasoma katika telefone na kuambiana: «Weye uko mtu wa kujitenga, tuachane.»

2. Fundisho hili lilipita karibu na mlango wetu

Jambo ambalo vitabu vya shule havilisemi ni kwamba fundisho hili, mbele ya kujulikana Marekani, lilipata mwili wake Afrika. Mwaka 1954, mwanamke mmoja mtaalamu wa saikolojia, Mary Ainsworth (1913-1999), aliyekuwa amefanya kazi pamoja na Bowlby London, alifika Kampala na bwana yake. Katika vijiji vya Waganda karibu na mji alifuata jamaa 26 zenye watoto wachanga 28. Alizitembelea kila wiki mbili, kama saa mbili kila mara, kwa muda wa miezi tisa hivi. Alikaa sebuleni, kwenye saa za mchana ambapo akina mama wanapokea wageni, akatazama na kuuliza.

Alihesabu watoto 16 wenye utulivu, 7 wasio na utulivu, na 5 ambao hawakuwa bado wameambatana na mtu. Aliona kwamba mama wa mtoto mtulivu ni yule anayemjua vema mtoto wake, anayeweza kukueleza mambo yake madogo-madogo, na anayefurahi kumnyonyesha. Lakini katika nyumba zile watoto wengi walishikwa na watu wengi, na Ainsworth hakuona kwamba wingi huo wa mikono ulimnyima mtoto utulivu wake. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 juu ya watoto hawa wa Uganda kina jina ambalo linazungumza pia juu ya kukua kwa mapendo.

Aliporudi Marekani alichunguza jamaa nyingine 26, mjini Baltimore. Watoto wa kule hawakuonyesha nyumbani yale aliyoyaona kwa Waganda, basi alitengeneza jaribio: chumba kigeni, vitu vya kuchezea, mama anatoka, mtu asiyejulikana anaingia, mama anarudi. Yote yanachukua dakika kama 20. Njo jaribio hili lililoenea duniani, na njo kutoka kwake makundi matatu ya watoto yalizaa makundi matatu ya wapenzi. Katika chumba kile kuna mama, mtoto na mgeni. Nyanya hayumo, wala shangazi, wala dada mkubwa anayebeba mtoto mgongoni. Sebule ya Uganda ilikuwa imejaa watu. Chumba cha Baltimore kiliwaacha nje. Mimi ninaona kwamba kasoro kubwa ya fundisho hili ilianzia pale.

3. Tunayopaswa kukubali

Kupima si kubomoa. Kuna mambo mawili katika fundisho hili ambayo tukiyakataa tutajidanganya.

La kwanza ni kwamba kilio cha mtoto ni neno. Sisi tunasema mtoto ni baraka, lakini mara ngapi tunamwambia «nyamaza!» mbele ya kujua anachoogopa? Fundisho hili linatukumbusha kwamba mtoto anayejibiwa anajifunza kuamini watu, na asiyejibiwa anajifunza kutomwita mtu.

La pili ni kwamba hasira ya wapenzi mara nyingi ni woga uliovaa nguo nyingine. Nitatoa mfano wa nyumba yangu, na bwana yangu amenipa ruhusa. Katika mwaka wa tatu wa ndoa yetu, kila tulipogombana alinyamaza siku tatu, siku nne, bila neno. Mimi nilidhani ni dharau. Siku moja nilifunga nguo zangu, nikapanda mtumbwi, nikavuka mto mpaka Lubunga kwa wazazi. Hawakunifukuza, lakini hawakunipa pia nafasi ya kutandika kitanda. Nyuma ya wiki moja shangazi ya bwana yangu alivuka, akaketi na mimi nyuma ya nyumba, akaniambia: «Mwanangu, huyu mtoto baba yake alikufa yeye akiwa na miaka sita. Alipita mu nyumba tatu. Kila nyumba akilia, wanamwambia anyamaze. Alijifunza vizuri.»

Yule mama hakusoma saikolojia hata siku moja. Lakini alichoniambia ni fundisho la Bowlby lote zima. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba fundisho hili ni jambo la wazungu tu. Wazee wetu walilijua, ila waliliweka penye kazi: hawakumwita bwana yangu «mtu wa kujitenga» halafu wakaenda zao. Jamaa mbili zilikaa, kila mtu akasema, yeye akatozwa mbuzi mmoja na kazie moja ya vinywaji, na shangazi akaachiwa kazi ya kupita kwetu kila mwezi. Mimi pia nilionywa, juu nilipenda kusema maneno makali mbele ya watu. Leo bado ananyamaza akikasirika, lakini ni saa moja ao mbili, na mimi ninajua kwamba ninapaswa kungoja.

4. Tusiyoweza kukubali

Kasoro ya kwanza ni ile ya mtu mmoja. Na hapa hatuhitaji kwenda mbali. Katika miaka ya 1980, Edward Tronick, Gilda Morelli na wenzao walichunguza watoto wa Waefe katika pori la Ituri. Wakati ule Ituri ilikuwa katika jimbo la Haut-Zaïre, na makao yake makuu yalikuwa hapa Kisangani. Waliona kwamba mtoto wa Muefe, tangu siku za kwanza, anapita kutoka mikono hii kwenda mikono ile, na wanawake wengine pia wanamnyonyesha. Mtoto akifikia wiki 18, kama asilimia 60 ya wakati waliouchunguza yuko na watu wengine, si mama yake. Watu wanaomshika wanaweza kupita kumi. Hata hivyo watoto hawa hawakuwa wagonjwa wa roho. Walikuwa wanajifunza namna ya kuishi na watu wengi kwa pamoja. Uchunguzi huu ulitoka mwaka 1987, mwaka uleule wa Hazan na Shaver. Kalasi zetu zilipokea maneno ya Denver, lakini ya Ituri, ya jirani, hatukuyasikia. Wazee wetu waliposema mkono mmoja haulei mwana, walikuwa wanatoa ushuhuda wa jambo walilolitazama miaka na miaka.

Kasoro ya pili inahusu ndoa yenyewe. Maulizo ya gazeti yanamwona mpenzi kama mtu peke yake anayetazamana na mtu mwingine peke yake. Nilipowasomea wanafunzi wangu maelezo yale matatu, kijana mmoja aliuliza: «Madame, kumtegemea nani? Bibi yangu, ao jamaa ya bibi yangu?» Darasa lilicheka, lakini ulizo lake ni la kweli. Kwetu mchumba anapobisha hodi, habishi peke yake. Anakuja na msemaji na wazee, na upande ule mwingine kuna wazee vilevile. Hata sheria ya nchi inasema hivyo: Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mchumba na jamaa yake wapatane na ndugu za msichana juu ya mahari, ile tunaita dote. Mahari, inapobaki mahari na si biashara, inaweka mashahidi. Siku ndoa inapoyumba, wale waliokula mbuzi wanaitwa. Basi utulivu wa bibi na bwana hautoki tu ndani ya mioyo yao. Unatoka pia kwa watu waliosimama nyuma yao. Ukiniuliza kama wakati ule, mwaka wa tatu, nilimwamini bwana yangu, nitasema kwamba sikumwamini sana. Lakini nilimwamini shangazi yake, na imani ile njo ilitupitisha.

Mwaka 2004 ilitoka kazi kubwa ya David Schmitt na wenzake wengi, waliouliza watu 17,804 katika sehemu 62 za dunia. Katika asilimia 79 ya sehemu zile, mapendo yenye utulivu njo yalikuwa ya kawaida. Lakini watafiti wale wenyewe waliandika kwamba vipimo vyao pengine havielezi mambo kwa namna ileile kila mahali. Tukumbuke neno hilo mbele ya kumpa kijana wetu maulizo yaliyotafsiriwa na kumwambia yeye ni nani.

Kasoro ya tatu njo inayoniumiza zaidi: fundisho hili linasomwa kama hukumu. «Ulikosa mama, basi hutapenda vizuri.» Katika mji wetu hukumu kama hiyo inaangukia watu wengi mno. Tangu tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa katikati yetu, maelfu ya makombora yakaanguka juu ya nyumba, na mamia ya raia wakafa. Watoto waliobaki walichukuliwa na manyanya, mashangazi, wajomba, jirani. Watoto wale leo ni watu wazima wenye bibi na bwana, na wengine watoto wao wako mbele yangu darasani. Tuwaambie nini? Kwamba mji mzima hauwezi kupenda?

Wachunguzi wenyewe hawasemi hivyo. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, watoto walifuatwa tangu miaka ya 1970 mpaka utu uzima. Mwaka 2007 Jeffry Simpson na wenzake walionyesha kwamba njia kutoka kwa mama mpaka kwa mchumba haiendi moja kwa moja. Inapitia madarasa ya kwanza ya shule, namna mtoto anavyokaa na wenzake; halafu inapitia urafiki wa miaka 16; halafu njo inafika kwenye mapendo. Kila kituo katika njia hiyo ni mahali ambapo mtu mwingine anaweza kumshika mtoto mkono. Kituo kimoja ni darasa la kwanza. Mimi ninaelimisha watakaofundisha darasa la kwanza, na siku niliposoma hayo niliona kazi yangu upya.

5. Tusijisifu bure

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kusema kwamba desturi zetu zimeshinda. Hazijashinda. Mikono mingi inaweza kubeba, na inaweza pia kusukuma. Bwana yangu alipita mikononi mwa nyumba tatu, na hakuna hata moja iliyomsikiliza. Katika mitaa yetu kuna yatima wanaoitwa walozi na jamaa waliowapokea: chakula kikipungua, mtoto wa marehemu njo anapewa kosa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto ulozi, lakini watoto wanaolala sokoni wanatuonyesha kwamba sheria haijaingia katika nyumba zote. Mtoto wa namna hiyo ana jamaa kubwa, na hana mtu. Hapo Bowlby ana haki kutuuliza: kati ya watu wote hawa, ni nani anayekuja akilia?

Vilevile baraza la jamaa. Mimi lilinisaidia juu bwana yangu alikuwa ananyamaza tu. Lakini ninajua wanawake waliopigwa, wakakimbilia kwao, na wazee wakawarudisha kwa neno moja: «Vumilia.» Wengine walirudishwa juu mahari ilikuwa imekwisha kuliwa na hakuna wa kuirudisha. Mashahidi wa ndoa wakiogopa kulipa mbuzi kuliko kupoteza binti, hao si mashahidi tena. Pale fundisho la saikolojia linatusahihisha, kwa sababu linauliza jambo ambalo baraza linasahau: mtu huyu, anapoingia katika nyumba yake jioni, moyo wake unatulia ao unaogopa? Kama unaogopa, ndoa ile haina kuambatana, hata kama mahari yote ilitolewa na wazee wote walikula.

6. Jibu

Basi ninalipa fundisho hili alama, kama ninavyofanya kwa kazi za wanafunzi wangu. Kwa kuona haja ya mtu ya kuwa na mahali pa kukimbilia, linapata alama nzuri. Kwa kudhani mahali hapo ni mtu mmoja tu, linapata alama ndogo. Kwa namna tunavyolifundisha sisi walimu, kama hukumu iliyokwisha kukatwa, tunapata sifuri, na sifuri hiyo ni yetu, si ya Bowlby.

Ubaoni sasa ninaandika ulizo lingine. Siandiki tena «Mama yako alikuwako?» Ninaandika: «Ulipolia, ni nani alikuja?» Wanafunzi wanajibu bila shida. Mmoja anasema dada, mwingine mama wa jirani, mwingine mwalimu wa darasa la pili. Kuna wachache wasioandika kitu, na hao ninawatafuta nyuma ya somo, polepole, bila kuwaita mbele ya wenzao.

Yule msichana wa nyuma nilimwita pia. Nilimuuliza: «Ulipokuwa unaogopa usiku, ulifanya nini?» Akasema: «Nilikuwa ninaingia mu kitambaa ya koko.» Nikamwambia: «Sasa unajua jibu. Bwana yako hatateseka juu ulilelewa na koko. Lakini siku wanakuja kubisha hodi, yeye koko akae mbele, maana yeye njo anakujua.»

Alicheka, akasema koko yake haoni tena vizuri. Nikamwambia haiharibu, masikio yangali mazima, na katika mambo ya kuoa na kuolewa masikio yanatosha kwanza.